Brashi mpya ya nywele za nguruwe inapogoma: dalili, chanzo na dawa yake

Shemeji yangu ni baharia. Safari moja aliniletea brashi ya kunyolea ndevu kutoka Genova, akaisifu kwamba vinyozi wa kule wanatumia hiyo hiyo. Nikaipitisha kwenye bomba sekunde chache, nikaizungusha kwenye sabuni, nikajipaka. Ilikuwa kama kufagiliwa uso kwa chelewa. Povu lilijitokeza kidogo likazama, na shavuni nikabandua nywele nne ambazo si zangu. Siku ya tatu nikaisusa juu ya dirisha la bafuni.

"Baba Neema, hii kama huitaki nipe mimi, itafaa kola," mke wangu akasema.

Kuanzia hapo kila Jumamosi ikawa inasugua kola za mashati ya shule kwa sabuni ya mche, inasuuzwa, inabanwa kwenye kamba kwa kibanio cha nguo mpaka ikauke kau. Baada ya miezi miwili hivi nikaishika kwa bahati tu, natafuta soksi. Ncha zilikuwa laini kama pamba, shina bado gumu. Nikaidai. Tukagombana kidogo, nikamnunulia brashi ya kufulia, yangu ikarudi bafuni.

Kola zile ndizo zilizonifundisha. Karibu kila lalamiko ninalolisikia kuhusu brashi hizi linatokana na kukosa kimoja kati ya vitatu: kulowa vya kutosha, kupata sabuni, kukauka kabisa. Yapo makosa machache ya kweli yasiyotibika, na nitayataja yakifika, lakini usianzie huko.

Kabla ya yote: ni nywele za nani?

Wengi hununua bila kujua. Kwenye mpini au kwenye boksi hapachorwi picha ya nguruwe. Panaandikwa "pure bristle", au kwa Kiitaliano "pura setola", kwa Kihispania na Kireno "cerda", kwa Kijerumani "Schweineborsten". Yote hayo ni nguruwe. Nyingine hupakwa mkanda mweusi katikati ya nywele zifanane na za baja, yule mnyama wa Ulaya na Asia ambaye ni ndugu wa mbali wa nyegere wetu, kwa hiyo rangi isikudanganye. Anayejiepusha na nguruwe kwa ajili ya dini yake achukue ya nywele za farasi au ya plastiki. Za plastiki siku hizi ni nzuri kweli, hazihitaji kulowekwa wala kuzoeshwa, na habari za povu na maji hapa chini zitamfaa vile vile.

Sasa tuuangalie unywele wenyewe, maana dalili zote zinatokea humo. Unywele wa nguruwe ni mnene kwenye shina, unakwenda ukipungua, na mwishoni unagawanyika wenyewe kuwa ncha mbili au tatu. Kila unapolowa na kukauka, mgawanyiko ule unashuka chini kidogo na vijincha vinaongezeka. Ni kama mswaki wa mti: asubuhi ya kwanza ni kijiti tu kinachokuchoma fizi, ukiutafuna unafumuka nyuzi. Jambo la pili, unywele huu unakunywa maji. Maji yanaingia ndani ya unywele wenyewe, unalegea. Ukiwa mkavu ndani, hata kama nje unang'aa maji, utakuchoma.

Ukiwa bado dukani

Inyanyue brashi uelekeze kwenye mwanga, utazame ncha. Ncha za asili ni nyembamba, zimepauka kuliko shina, nyingine utaziona zimepasuka tayari. Juu ya fundo, yaani lile fungu zima la nywele lililogandishwa kwenye mpini, pana mviringo usio sawa sana. Ukiona ncha zote nene, butu, zimelingana kama nyasi iliyopita mashine, hizo zimekatwa kwa mkasi ili kupata umbo. Irudishe rafuni. Hili ndilo kosa la kwanza lisilotibika: ncha iliyokatwa imepoteza mpasuko wake, na utaizoesha mwaka mzima bila faida.

Vipimo vinavyotajwa ni viwili: kipenyo cha fundo pale linapoingia mpini, na urefu wa nywele kutoka mpini hadi juu. Kwa anayetengeneza povu moja kwa moja usoni, fundo la milimita 22 hadi 24 na urefu wa 50 hadi 55 linatosha. Fupi lina msukumo. Kwa anayetumia bakuli, milimita 26 hadi 28 kwa urefu wa 60 na kitu ni raha zaidi, ila ujue linakula sabuni. Kadiri nywele zilivyo ndefu kwa fundo lile lile, ndivyo brashi inavyolegea.

Bei isikutishe. Brashi za nguruwe ndizo za bei ya chini katika nywele za wanyama, na hata zile za kiwanda cha Omega cha Bologna au Semogue cha Ureno, ambazo wapenzi wa mambo haya huzitaja sana, haziko katika kundi la anasa. Mpini wa plastiki ni bora kuliko wa mbao kwa mtu mwenye bafu lisilo na dirisha. Mbao ni nzuri kutazama, inapasuka.

Dalili: inachoma

Anza na swali moja: uliiloweka muda gani? Kama jibu ni "niliipitisha majini", tatizo limekwisha kujulikana. Weka maji ya uvuguvugu kwenye kikombe, yawe ya joto ambalo kidole kinakaa bila kutoka, simamisha brashi humo dakika tatu hadi tano. Maji yafike nusu ya nywele au zaidi kidogo, yasiguse mpini. Mimi huiloweka kisha naingia kuoga, nikitoka iko tayari. Maji yanayochemka usiyatumie kamwe, yanaharibu gundi iliyoshika fundo na kuukausha unywele ukakatika.

Kama umeiloweka vizuri na bado inachoma, uliza umri wake. Chini ya kunyoa mara kumi ni changa bado. Nyingi huanza kubadilika kati ya mara ya kumi na ya ishirini, na za nywele nene hufika thelathini. Huna haja ya kungoja ndevu ziote. Kila jioni kwa wiki mbili, iloweke, izungushe kwenye sabuni, tengeneza povu kwenye kiganja dakika mbili, suuza, kung'uta, iache ikauke mpaka kesho yake. Kiganja chako kitakuambia siku ngapi zimebaki.

Hapo kwenye "ikauke" ndipo watu wenye haraka wanapoteleza. Nimemwona mtu aliyeiloweka brashi usiku kucha siku tano mfululizo akidhani anaharakisha. Ilikuwa na maji tu, haikuwa imezoea chochote. Mpasuko wa ncha unatokana na kuvimba na kunywea, kwa hiyo brashi isiyokauka haiendi mbele. Dar es Salaam wakati wa masika saa 24 hazitoshi, fundo ndani linabaki na unyevu hata nje pakiwa pakavu. Ndiyo maana anayenyoa kila siku huwa na brashi mbili za zamu.

Kama umepita mara thelathini, umeloweka, umekausha, na bado ni chelewa, rudi kwenye mwanga ukazitazame ncha. Utakuta zilikatwa.

Dalili: povu halitoki, au linatoka na kutoweka

Hapa pana sababu nyingi na zinafanana kwa macho, kwa hiyo usiitazame brashi. Litazame povu.

Mapovu makubwa makubwa yanayopasuka pap pap kama ya sabuni ya vyombo yanasema maji ni mengi. Ulitoa brashi kikombeni ikichuruzika. Ikamue kwa kiganja, ikung'ute mara mbili, kisha ndipo iguse sabuni. Maji utayaongeza mwenyewe kwa ncha ya kidole, tone kwa tone.

Povu zito, kavu, linaloshika uso kama uji uliolala, linasema maji ni machache. Tone mbili tatu zitalifufua.

Povu lililokuwa zuri kwenye bakuli kisha ukifika shavu la pili halipo, hilo ndilo la brashi changa. Nywele zilikuwa bado zina kiu, zikanywa maji ya povu. Dawa ni kuloweka zaidi, na kuchukua sabuni zaidi ya unavyodhani inafaa. Kwenye sabuni ngumu izungushe nusu dakika nzima ukibonyeza kidogo, mpaka kinachobaki juu ya sabuni kiwe kama krimu na si mapovu. Ubahili wa sabuni ndio umeharibia jina brashi nyingi nzuri.

Povu jembamba, la kijivu, linaloacha utando kwenye bakuli na nywele zikawa kama zina nta: shuku maji yako. Sisi Tabata tulikaa nyumba yenye kisima, maji yana chumvi hata chai ilijulikana. Kwa maji yale nilihangaika wiki mbili nikiilaumu brashi. Sabuni ya kweli ikikutana na maji magumu, kalsiamu na magnesiamu zilizomo zinaikamata na kuifanya utando, na chumvi nayo inaikataza kutoa povu. Wa Dodoma na watu wengi wa pwani wanaotegemea visima wanalijua hili kwenye kufua.

Kipimo chake ni cha dakika moja. Chukua chupa mbili ndogo, moja tia maji ya kisima, nyingine maji ya mvua au ya kunywa ya dukani. Kwangua sabuni ya mche kidogo, sawa kwa sawa, tia kila moja, funga, tikisa. Ile ya mvua itajaa povu mpaka shingoni. Nyingine ikiwa na maji meupe kama ya kuoshea mchele na povu dogo juu, umempata mhalifu. Usitumie sabuni ya unga kwa kipimo hiki, hiyo imetengenezwa ivumilie maji magumu, itakudanganya.

Ukishajua, suluhisho ni rahisi kuliko utafutaji: kikombe kimoja tu cha maji mazuri kinatosha kuloweka na kutengeneza povu, uso wenyewe usuuze kwa maji yoyote. Na kama brashi imeshashika ukoko mweupe chini karibu na mpini, changanya siki sehemu moja na maji sehemu kumi, iloweke robo saa, suuza sana. Rudia ukiona ukoko unarudi, si kila wiki.

Dalili: inanuka

Kuna harufu mbili, na pua yako itazitofautisha ukishaelezwa. Harufu ya banda, ya mnyama aliyelowa, ni ya brashi mpya, na inazidi ukiitia maji ya moto. Si ugonjwa. Ioshe kwa shampuu au tone la sabuni ya vyombo, suuza, kisha ijaze povu la sabuni ya kunyolea na uiache na povu lake usiku mmoja. Asubuhi isuuze. Zipo zinazoondoka kwa mara moja, zipo zinazotaka wiki. Jiki usiiguse, inakula unywele.

Harufu ya pili ni ya nguo iliyofungiwa mbichi kwenye mfuko. Hiyo ni kuvu, na inakuja kwa brashi ya zamani kidogo inayokaa bafuni kusiko na hewa. Fungua fundo kwa vidole utazame chini: vidoa vyeusi kwenye mashina vinathibitisha. Ioshe, iloweke kwenye ile siki ya robo saa, halafu ihamishe makazi. Watu wanabishana kama isimame, ilale au ining'inizwe kichwa chini. Kwa uzoefu wangu tofauti ni ndogo mno, kinachokausha ni upepo. Dirisha la jikoni linashinda kibanio cha gharama kilichoko bafuni. Ikiwa vidoa vinarudi baada ya kuosha mara mbili, itupe, usiweke kuvu usoni penye michubuko ya wembe.

Dalili: inapukutika

Unywele mmoja mmoja wiki za mwanzo, jumla kumi, ishirini, ni zile ambazo hazikushikwa na gundi. Zipitishie kitana ikiwa kavu, zitoke zote kwa pamoja, ziache kukuotea shavuni.

Zikiendelea, okota tano uzipange kwenye karatasi nyeupe. Je, zina urefu wa nywele zilizobaki kwenye brashi, na mwisho mmoja mnene wenye kijidonge cha gundi? Basi zinang'oka, gundi haikushika. Au ni fupi fupi, vipande? Hizo zinakatika, na mkosaji ni maji ya moto au mkono wako. Brashi haikandamizwi usoni mpaka nywele zilale pande zote kama mwavuli uliopinduka. Zinakatikia hapo hapo zinapojikunja, karibu na mpini.

Kuna la tatu: ilikaa droo miezi kadhaa, ukaitoa ina mashimo na nywele zimeliwa. Nondo wa nguo na jamaa zake hula nywele kama wanavyokula sufu. Ihifadhi ikiwa kavu na safi, ndani ya boksi linalofunga.

Lile la fundo zima kucheza ndani ya mpini, au kuchomoka lote mkononi kama jino la mtoto, linaonekana baya lakini ndilo linalotibika kirahisi kuliko yote. Acha pande zote mbili zikauke siku mbili, kwangua gundi ya zamani, tia gundi ile ya mirija miwili inayochanganywa, rudisha fundo, iache siku nzima. Yangu ya kola imeshawahi kuchomoka namna hiyo na bado inafanya kazi.

Dalili: imelala upande, au katikati pamekuwa shimo

Imelala upande kwa sababu inakaushwa imeegemea kitu ikiwa mbichi. Iloweke, ikung'ute, iviringishe taratibu kwenye taulo ili nywele zirudi, iache ikauke bila kuegemea. Shimo la katikati linatokana na kubonyeza na kuzungusha upande mmoja siku zote. Badilisha mwelekeo, na malizia kupaka kwa kwenda na kurudi, kama fundi anavyopaka rangi ukuta. Brashi changa inayofumuka kama kichwa cha mtoto aliyetoka usingizini haina tatizo, itatulia yenyewe.

Dalili: vipele baada ya kunyoa

Hapa brashi inasingiziwa. Kwa sisi wenye ndevu za kujikunja, unywele uliokatwa chini sana unajipinda na kurudi kwenye ngozi, na hapo ndipo kipele kinapoota. Chanzo ni wembe: kunyoa kinyume cha ndevu zinavyolala, kurudia rudia pale pale, kuvuta ngozi, au nyembe za visu vingi vinavyokata chini ya usawa wa ngozi. Nyoa kufuata zinavyolala, mara moja, uache kivuli kidogo cha ndevu. Unachoweza kubadili kwa brashi ni mkono tu. Ikiwa changa na uso tayari una vipele, tengeneza povu kwenye bakuli na upake kwa kwenda na kurudi bila kusugua kwa mduara.

Vikiwa na usaha, achana na wembe kwanza, na brashi ioshwe kwa sabuni kabla ya kurudi usoni. Na brashi haiazimwi. Ukienda kwa kinyozi mwenye brashi moja ya wateja wote, mwambie, "Kaka, mimi nipake kwa mkono," hatakasirika.

Brashi ya urithi au ya mtumba

Hii haina dalili, na ndiyo inayohitaji tahadhari kuliko zote zilizotangulia. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, nywele zilizokuwa zikisafishwa vizuri Ulaya hazikupatikana tena, watengenezaji wakageukia nywele za farasi kutoka Asia, wakazipamba zifanane na za baja. Baadhi zilikuwa na vimelea vya kimeta, ugonjwa ule ule wanaoujua wafugaji wa Arusha na Ngorongoro. Wanajeshi na raia zaidi ya 200 wa Uingereza na Marekani waliugua kwa kujipaka sabuni tu, na mwaka 1920 Uingereza ikapiga marufuku brashi za kunyolea kutoka Japani.

Vijidudu vya kimeta hujifunga katika mbegu ngumu zinazoishi miaka mingi sana, na siki, shampuu au jua havizifanyi kitu. Kwa hiyo brashi ya nywele za mnyama usiyoijua umri, hasa yenye mpini wa mfupa au pembe na dalili za kuwa ya kabla ya miaka ya 1930, isiguse uso wako. Ukiupenda mpini, kazi ya kung'oa fundo mwachie fundi anayejua hatari hiyo, atie fundo jipya. Vinginevyo ikae kabatini kwenye kioo, itazamwe.